Nenda Tropea Ukaropoke

Wewe unayesema utajifunza Kiitaliano mambo yakitulia, nisikilize. Mambo hayatulii. Programu ya lugha iko kwenye simu yako tangu mwaka juzi, inakukumbusha kila jioni, nawe unaifuta kwa kidole huku macho yako kwenye mpira. Unajua kusema kwa Kiitaliano kwamba mvulana anakula tufaha na kwamba paka yuko chini ya meza. Mwitaliano hata mmoja hujawahi kumwambia lolote. Maneno umeyapanga vizuri kama vyombo vya wageni kabatini, na mgeni hajaandaliwa hata chai.

Basi mwaka huu vitolewe. Ukijaliwa kupata likizo na akiba kidogo, usiende Roma kupanga foleni mbele ya Colosseo ili urudi na picha ambayo kila mtu anayo. Chagua mji mdogo wa pwani wenye shule ya lugha, kaa wiki mbili au tatu, asubuhi usome, na kuanzia mchana hadi usiku uropoke. Ndiyo, uropoke. Sarufi utaitengeneza njiani.

Nitautaja mji mmoja tusije tukawa tunaongea hewani. Tropea iko Kalabria, kusini kabisa mwa Italia bara, kwenye bahari ya Tirreno. Ina wakazi kama 6,000. Mji wa kale umekaa juu ya jabali, nyumba zimesogea hadi ukingoni, na ufuko wenye mchanga mweupe uko chini yake, kwa hiyo kwenda kuogelea ni ngazi na kurudi ni ngazi zaidi. Mbele ya ufuko kuna mwamba mwingine wenye kanisa juu yake, Santa Maria dell'Isola, lile linaloonekana kwenye kila kadi ya posta. Anga likiwa safi unaona kisiwa cha Stromboli, volkano inayotema moto mpaka leo. Mwaka 2021 Tropea ilishinda shindano la televisheni ya taifa, RAI, la kutafuta mji mdogo unaopendeza kuliko yote nchini. Lakini ukimuuliza mtu wa Milano anaijuaje Tropea, atakutajia vitunguu. Ni vyekundu, ni vitamu kiasi cha kuliwa vibichi bila kutoa chozi, vinauzwa vimesukwa pamoja na kuning'inizwa mlangoni, na jina lake linalindwa na sheria za Umoja wa Ulaya tangu 2008. Wapo wanaovitengeneza jemu. Wapo pia, Mungu awasamehe, wanaovitengeneza askrimu.

Kama Tropea haikukai moyoni, kuna Otranto huko Puglia, kuna Cefalù na Taormina huko Sicilia. Sheria ni ileile: mji ambao unaweza kuuzunguka kwa miguu na kurudi kabla chakula hakijapoa.

Kwa nini mji mdogo? Kwa sababu mji mkubwa utakuonea huruma. Firenze au Venezia, mhudumu anasikia lafudhi yako kwenye neno la pili na anakugeuzia Kiingereza kabla hujafika la tatu. Anadhani anakusaidia. Umelipa nauli ya ndege ukaongee Kiingereza na mtu ambaye naye kinamtoa jasho! Tropea, ukiipa mgongo ile migahawa inayowinda watalii na kuingia vichochoro vya nyuma, fundi viatu hana Kiingereza, mama wa genge hana, na mzee aliyekaa benchini hana na wala hakitaki. Hapo utasema tu.

Na kuna jambo kubwa kuliko hilo. Katika mji mkubwa kila siku unaongea na mtu mpya, kwa hiyo kila siku unarudia ukurasa wa kwanza: unaitwa nani, unatoka wapi, umeipenda Italia? Katika mji wa watu 6,000 unakutana na walewale. Dada anayeuza mkate anakumbuka kuwa jana ulikwama ukitaka kusema "kesho kutwa". Leo anakuanzishia palepale mlipokatikia. Siku ya nne anakuuliza mama yako anaendeleaje, kwa kuwa juzi ulimwambia anaumwa goti. Sasa unalitafuta neno la nafuu, neno la dawa, neno la kuchua, na hakuna kitabu kilichokupangia somo hilo. Umelihitaji mwenyewe, mbele ya mtu anayesubiri jibu. Neno la namna hiyo halitoki kichwani.

Twende baa. Usishtuke: baa ya Italia ni mahali pa kahawa na vitafunwa, hata padri na watoto wa shule wanaingia. Saa mbili asubuhi. Unapovuka kizingiti unasema "buongiorno" kwa sauti ya kusikika, kwa wote waliomo, kama unavyopiga hodi kwenye nyumba ya watu. Unasogea kaunta. Wengi wamesimama, maana kahawa ya kusimama ni nafuu na ya mezani mara nyingi ina bei yake. Mashine inafoka mvuke. Kijana aliye nyuma ya kaunta amepanga visahani mstari mmoja, kila kimoja na kijiko chake, na ingawa hamtazami mtu usoni anajua nani ametangulia. Anakuinulia kidevu. Ni zamu yako. Tangu chumbani ulikuwa umeipanga sentensi nzima, ina "ningependa" na "tafadhali" na "kama inawezekana", na yote imeyeyuka. Kinachotoka ni "un caffè".

Basi. Imetosha! Kikombe kimekuja, kahawa ya mafunda mawili, na glasi ndogo ya maji pembeni. Jirani yako anayepekua gazeti anasema jambo kuhusu joto. Umeshika neno moja, "caldo". Mrudishie: "Sì, molto caldo." Ataendelea, nawe itikia kwa kichwa pale sauti yake inapopanda. Kesho ongeza neno moja. Kesho kutwa uliza wewe. Baa nyingine zinataka ulipe kwanza kwa keshia, uchukue risiti, ndipo uende kaunta. Nyingine unakunywa ndipo unalipa. Mtazame aliyekutangulia. Na kahawa ya maziwa iagize asubuhi. Ukiiagiza baada ya chakula cha mchana utapewa, ila utatazamwa.

Sasa ile hofu yako ya sarufi. Wengi wanaokutisha na Kiitaliano walikifikia wakitokea Kiingereza, na kwa kweli wao wana kazi. Wewe umetokea kwingine. Kiitaliano kinasomwa karibu kama kinavyoandikwa. Maneno yake mengi mno yanaishia na irabu, na mkazo mara nyingi unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, palepale unapouweka wewe tangu utotoni. Herufi "gn" zao ni "ny" yetu ya nyanya. Kitenzi chao kinambeba mtendaji ndani yake: "parlo" ni "ninasema", neno moja, bila kulazimika kutanguliza "mimi". Mwingereza anaambiwa hivyo anashangaa. Wewe huoni hata kuna cha kueleza.

Halafu wanakutisha kwamba nomino zina jinsia mbili na kivumishi lazima kikubaliane nazo. Jinsia mbili! Wewe unayesema "vikombe vyangu vile viwili vimevunjika" bila kupepesa jicho, na kila neno katika sentensi hiyo limefuata ngeli yake, unaogopa jinsia mbili? Napoli, kaskazini ya Tropea, kuna chuo kikuu kiitwacho L'Orientale kinachofundisha Kiswahili. Elena Bertoncini alifundisha pale kwa miaka mingi na kuandika sana juu ya fasihi yetu. Mtafute yeyote aliyepitia darasa la namna hiyo, umuulize kama angekubali mbadilishane: yeye ajifunze jinsia hizo mbili, wewe ujifunze ngeli zetu zote. Atacheka mpaka akae.

Mitego ipo, sikufichi. Wakiandika "ci" wanasoma "chi", na wakiandika "chi" wanasoma "ki", kinyume kabisa cha mazoea yako, kwa hiyo siku za mwanzo utayasoma mabango vibaya na watoto watakuona kituko. Konsonanti iliyorudiwa lazima uikazie: "nonno" ni babu, "nono" ni wa tisa, na babu mwenyewe hapendi kuitwa wa tisa. Kwenye wakati uliopita kuna vitenzi visaidizi viwili vinavyogombea nafasi, na hivyo vitakusumbua kwelikweli. Lakini hiyo ndiyo kazi ya darasa la asubuhi. Kwa kawaida linaanza kama saa tatu na kumalizika mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, wanafunzi wachache, na mwalimu haongei lugha nyingine isipokuwa Kiitaliano, hata kwa wale wa siku ya kwanza. Jumatatu utapewa jaribio la kukupanga daraja, kuanzia A1 ya wanaoanza. Usijitutumue. Ukipangwa juu ya uwezo wako utakaa wiki nzima ukiitikia usichokielewa.

Kama bado una aibu, jua kwamba nchi unayokwenda ilijifunza Kiitaliano ukubwani. Italia ilipoungana mwaka 1861, wenye kukijua Kiitaliano, kwa makadirio ya mwanaisimu Tullio De Mauro, walikuwa kama 2.5 tu katika kila watu 100. Wataalamu wengine wamepandisha idadi hiyo hadi karibu 10. Chukua hata hiyo kubwa: watu tisa kati ya kumi walikuwa wakiongea za kwao, Kisisilia, Kinapoli, Kivenezia, Kikalabria. Lugha ya taifa ilisimamishwa juu ya lahaja ya Firenze, mji wa mshairi Dante, kama Kiswahili sanifu kilivyosimamishwa juu ya Kiunguja, na waliobaki wakaifuata darasani, jeshini na redioni. Mwaka 1960 televisheni ya taifa ikaanza kurusha kipindi cha kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Mwalimu Alberto Manzi alisimama mbele ya karatasi kubwa na kipande cha mkaa, akachora, na kutoka kwenye mchoro akatoa herufi. Kwa kuwa wengi hawakuwa na televisheni nyumbani, walikusanyika mahali palipokuwa nayo baada ya kazi, mikono yao ina udongo na saruji. Kipindi kiliitwa "Non è mai troppo tardi", yaani hujachelewa kamwe, na kiliendelea hadi 1968. Wazee unaowakuta kwenye mabenchi ya Tropea leo walikuwa watoto wakati huo, na huenda walimwona baba akiandika jina lake kwa mara ya kwanza. Hao ndio unaoogopa watakucheka?

Tena Kalabria ni mkoa uliotoa wahamiaji wengi sana. Walikwenda Argentina, Marekani, Australia, Ujerumani, na viwanda vya Torino. Si ajabu mzee unayeongea naye kuwa na kaka aliyewahi kusimama kiwandani Ujerumani akitafuta neno la bisibisi huku msimamizi amemkodolea macho. Sura ya mtu anayetafuta neno wanaijua. Wanakusubiri.

Na kama unataka ushahidi wa karibu, nenda Malindi. Waitaliano walianza kufika sehemu zile na mradi wa San Marco, kituo cha kurushia vyombo vya angani kule Ngomeni. Satelaiti ya kwanza iliruka kutoka pale Aprili 1967, na ile ya Desemba 1970 ikapewa jina Uhuru kwa kuwa ilirushwa siku ya uhuru wa Kenya. Nyuma ya wanasayansi wakaja wenye hoteli, wenye piza, wastaafu waliochoka baridi. Vijana wa Malindi na Watamu wakakidaka Kiitaliano ufukweni, jikoni na kwenye bodaboda. Kiwengwa, Unguja, mambo ni hayohayo. Wengi wao hawakununua kitabu, hawakusubiri ada, hawakuuliza kama wana kipaji. Walikuwa na kitu cha kuuza na mtu wa kumuuzia. Wakati wewe unangoja cheti kikuruhusu kufungua mdomo, mwenzako anatangaza safari ya mashua kwa Kiitaliano chenye makosa, na mashua imejaa. Ukiona nauli ya Italia haipatikani mwaka huu, likizo yako ya lugha inaweza kuanzia hapo, na mwalimu wa kwanza awe huyo wa mashua. Mlipe. Anastahili.

Wapo waliofika mbali zaidi ya kuagiza kahawa. Jhumpa Lahiri, mwandishi wa Marekani ambaye wazazi wake walitoka Bengali, alikwishapata tuzo ya Pulitzer kwa maandishi ya Kiingereza. Angeweza kukaa alipo akavuna. Mwaka 2012 akahamia Roma na kuanza kuandika kwa Kiitaliano, lugha aliyojifunza ukubwani, na kitabu chake cha kwanza cha lugha hiyo kikatoka 2015. Kwa upande mwingine kuna Pap Khouma wa Senegal, aliyefika Italia miaka ya 1980 akauza vinyago barabarani na ufukweni huku akiwakimbia polisi. Mwaka 1990, akishirikiana na mwandishi wa habari Oreste Pivetta, alitoa kitabu cha maisha hayo kwa Kiitaliano, na kimesomwa hata mashuleni. Mmoja alikwenda na jina kubwa, mwingine alikwenda na mfuko wa tembo wa mbao. Lugha iliwapokea wote wawili.

Hapo nimefika kwenye jambo ambalo vipeperushi vya shule havilitaji. Kama u mweusi, Kalabria utatazamwa. Waafrika wengi ambao wenyeji wamezoea kuwaona ni vibarua wa mashamba ya machungwa na wauza miwani wa ufukweni. Rosarno, mji ulio kusini mwa Tropea na si mbali, Januari 2010 vibarua Waafrika waliingia barabarani kwa hasira baada ya wenzao kupigwa risasi za bunduki ya upepo; ukafuata msako wa siku kadhaa na mamia wakahamishwa kutoka mjini. Upande wa pili wa mkoa huohuo kijiji cha Riace kilijulikana duniani kwa kuwapa wakimbizi nyumba zilizoachwa na wahamiaji. Kalabria ni yote mawili, na utakutana na yote mawili.

Kwa hiyo jiandae. Kuna atakayekuambia "tu", namna ya kumwita rafiki au mtoto, wakati mteja Mjerumani aliye mbele yako ameambiwa "Lei", namna ya heshima. Usinywee, na usigombane. Mjibu kwa "Lei" iliyonyooka, sentensi fupi, bila haraka. Wengi hubadilika palepale, na baadhi yao kwa haya usoni. Asiyebadilika umekwisha mjua. Peleka pesa yako duka la jirani, na jirani akiuliza kulikoni, msimulie. Hilo nalo ni zoezi la wakati uliopita.

Na silaha uliyo nayo, ambayo mwanafunzi wa kutoka Stockholm au Chicago hana, ni malezi. Umelelewa kutompita mkubwa bila salamu. Umelelewa kuuliza habari za nyumbani kabla ya kutaja shida iliyokuleta. Mji mdogo wa kusini mwa Italia unaishi hivyohivyo. Jioni, jua likianza kulegea, watu wote wanatoka na kutembea taratibu kwenye Corso Vittorio Emanuele, barabara kuu ya mji wa kale, hadi mwisho wake ambapo barabara inakatika ghafla kwenye ukuta mfupi na bahari iko chini. Wanafika, wanatazama, wanageuka, wanarudi. Hawaendi popote. Wanasalimiana. Jiunge nao kila jioni, msalimie kila mzee kwa "buonasera", na baada ya siku chache mmoja atakusogezea nafasi kwenye benchi. Ukikaa hapo nusu saa utapata kila kitu: habari za mkwe wake, bei ya samaki, kwa nini meya hafai. Watakapoanza kuongea wenyewe kwa wenyewe utapotea kabisa, kwa sababu hicho ni Kikalabria, na hata mtu wa Milano angepotea. Kunywa maji, subiri, watakurudia.

Masharti yangu ni machache na nitayatamka bila kubembeleza. Kaa kwenye nyumba ya mwenyeji, usikae hotelini. Shule nyingi zinakutafutia familia, na jikoni kwa mama wa watu ndiko utakakosoma zaidi. Ukienda na rafiki, lala nyumba tofauti, mkutane ufukweni, na Kiswahili mkiache hadi Jumapili. Kiingereza ni mwiko kuanzia kifungua kinywa. Simu ya nyumbani ipigwe usiku. Kuanzia saa saba mchana hadi kama saa kumi na moja jioni maduka yanafungwa na mji unalala, kwa hiyo usizunguke juani ukilalamika kuwa hakuna mtu: andika yale uliyoshindwa kuyasema asubuhi, kisha nawe ulale. Kwa asiyekula nguruwe, ajue kwamba 'nduja, ile soseji laini ya pilipili inayopakwa kwenye mkate, fahari ya kijiji cha jirani cha Spilinga, ni nguruwe mtupu. Aulize mapema, "C'è maiale?" Swali hilo litampatia mazungumzo marefu kuliko alivyotaka, maana Mkalabria akianza kueleza chakula hamalizi.

Mwezi wa kwenda ni Mei, Juni mwanzoni, au Septemba. Agosti bei hupanda, na tarehe 15, sikukuu ya Ferragosto, nchi nzima iko ufukweni na hutapata pa kuweka taulo. Unayeishi Ujerumani, Uswidi au Ufaransa na una kibali cha kukaa kule, huna kisingizio kabisa. Panda ndege hadi Lamezia Terme, kisha treni ya mkoa inayopita kando ya bahari. Anayetoka Nairobi, Dar es Salaam au Muscat na anahitaji viza ya Schengen, ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na lisichelewe kuliko siku 15 kabla. Usiende siku 15 kabla! Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na lazima uwe na bima ya afya ya angalau euro 30,000. Barua ya shule inayoonyesha kwamba umejiandikisha iwe juu ya faili lako. Viza hiyo inakupa siku zisizozidi 90, zinazokutosha na kubaki. Nairobi kuna Taasisi ya Utamaduni ya Italia. Pita pale kabla hujaondoka, upate saa chache za kuanzia na masikio yaanze kuzoea.

Wiki tatu hazitakufanya msemaji, na atakayekuahidi hivyo anakuuzia kitu. Utarudi unajua kununua, kuuliza njia, kusimulia jana ilikuwaje na kumbishia mtu kidogo. Kutoka hapo mtihani wa CILS wa Siena au CELI wa Perugia utakuwa jambo la kupanga tarehe, na aliyekuwa mwenyeji wako atakuwa mtu wa kumpigia kila mwezi, tena yeye atakusahihisha bure.

Kazi ya leo ni ndogo. Tafuta anwani ya shule uliyoichagua, na uwaandikie barua: "Buongiorno, mi chiamo", weka jina lako. "Abito a", weka mji wako. "Vorrei studiare italiano in maggio. Quanto costa il corso?" Umesema jina lako na unapoishi, umesema ungependa kusoma Kiitaliano mwezi wa Mei, umeuliza bei. Usimpe rafiki akusahihishie, usiipitishe kwenye mashine ya kutafsiri. Ukitaka kuongeza sentensi ya kwako yenye makosa, iongeze. Walimu wale wanalipwa mshahara kusoma makosa. Itume usiku huu. Watakujibu, na watakujibu kwa Kiitaliano.